Mgahawa mpya unaovuma: uende na rafiki wiki hii au usubiri miezi miwili?

Mgahawa mpya ukifunguliwa na jina lake likaanza kuvuma, swali linalozunguka kati ya marafiki ni moja: "Tunaenda lini?" Wengi huliuliza kama jambo la ratiba tu. Mimi naamini hiyo "lini" ina uzito kuliko mengine yote. Siku mtakayoichagua ndiyo itakayoamua mtakula nini, mtasubiri kiasi gani, na zaidi ya yote, kama mtasikilizana.

Nasema hivyo kwa sababu mgahawa mmoja niliujaribu mara mbili, na rafiki yule yule ninayemjua tangu shule. Mara ya kwanza ulikuwa na siku tisa tangu ufunguliwe. Mara ya pili ulikuwa umepita miezi miwili. Ilikuwa kama tumekwenda sehemu mbili zisizojuana.

Mara ya kwanza tulifika saa mbili usiku, ukumbi umejaa hadi mlangoni. Menyu tuliyoletewa ilikuwa na vyakula vitatu vilivyokatwa kwa kalamu ya wino. Namkumbuka mhudumu mmoja, kijana, amesimama katikati ya ukumbi na sahani mbili mikononi, macho yanapita meza hadi meza, midomo inahesabu kimyakimya. Akaenda meza ya jirani, wakamkatalia. Akaja kwetu, nasi haikuwa yetu. Kilichoniuma hasa si hicho. Rafiki yangu alikuwa na jambo la kunieleza usiku ule. Nilijua kwa namna alivyokuwa akiikunja leso ya karatasi, anaikunjua, anaikunja tena. Alianza kusema mara mbili, na mara zote mbili nikainama mbele nikamwambia, "Umesemaje?" Mara ya tatu akatabasamu tu. "Basi, nitakwambia siku nyingine."

Aliniambia kwa simu wiki iliyofuata, mimi nikiwa nimesimama kituo cha basi: alikuwa ameamua kuhama mji. Habari ya namna ile ilistahili meza.

Siku za mwanzo na mwezi wa tatu

Tuanze na jikoni, maana ndiko tofauti inakoanzia. Jiko la mgahawa hugawanywa kwa sehemu: huyu yuko kwenye moto, yule kwenye vitu baridi, mwingine kwenye vitamu, na mmoja mlangoni anapokea oda na kukagua sahani kabla hazijatoka. Mpangilio huu wa kugawana kazi kwa vituo unahusishwa na mpishi Mfaransa Auguste Escoffier, na majiko mengi makubwa duniani bado yanaufuata kwa namna moja au nyingine. Ugumu wake ni mmoja. Sahani yenye vitu vitatu hupitia mikono ya watu watatu, na mikono hiyo mitatu lazima imalize kwa wakati mmoja. Kimoja kikichelewa dakika nne, vingine viwili vinapoa. Ulinganifu huo haufundishwi kwa maneno. Unakuja kwa kurudia, usiku baada ya usiku, hadi mpishi ajue bila kutazama kwamba mwenzake amefikia wapi.

Kwa hiyo wiki za kwanza unakula mazoezi, hata kama mpishi ni hodari. Wamiliki wenyewe wanalijua hilo, ndiyo maana wengi hufanya ufunguzi wa kimya kwanza, wakiwaalika ndugu na watu wa karibu waje kula huku jiko linajifunza. Wakosoaji wa vyakula wa magazeti makini wanalijua pia. Craig Claiborne, aliyeanza kazi New York Times mwaka 1957, alijulikana kwa kula mgahawa mmoja mara kadhaa kabla ya kuuandika, na wengi waliomfuata huupa mgahawa mpya kama mwezi mmoja kabla ya kwenda kuuhukumu. Kama mtu anayelipwa kwa kazi hiyo anangoja, sioni kwa nini mimi, ninayetoa pesa zangu, nikimbilie wiki ya pili.

Lakini siku za mwanzo zina jambo ambalo mwezi wa tatu hauna, na nisingependa lipuuzwe. Mwenye mgahawa yupo. Unamwona mwenyewe anapita mezani, anauliza, anasikiliza majibu kwa makini kwa sababu bado anaweza kubadilisha kitu. Mpishi mkuu yupo jikoni, hajaanza kuwaachia wasaidizi. Menyu bado ina ujasiri: vile vyakula viwili vitatu vya kushangaza ambavyo baadaye vitaondolewa kwa sababu haviuziki, au kwa sababu vinakula muda wa jiko. Mara ya pili tulipokwenda, kitu ambacho rafiki yangu alikipenda kuliko vyote mara ya kwanza hakikuwepo tena. Tulikiulizia. Mhudumu akasema wateja wengi hawakukielewa.

Kisha kuna hatari ya kungoja mno. Utafiti wa H. G. Parsa na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu migahawa ya mji wa Columbus, Ohio, Marekani, ulikuta kwamba takriban asilimia 26 ilifungwa au kubadili mikono ndani ya mwaka wa kwanza, na ilipofika miaka mitatu idadi hiyo ilikuwa imekaribia asilimia 60. Ule usemi kwamba migahawa tisa kati ya kumi hufa mwaka wa kwanza si kweli, ila robo nzima si jambo dogo. Anayesema "tutaenda tu, ipo siku" anaweza kufika akakuta kibao kingine mlangoni.

Ndiyo maana nikisema subiri, sina maana ya mwaka. Nina maana ya wiki sita hadi kumi. Hapo jiko limeshajua mwendo wake, foleni ya waliofuata mkumbo imepungua, na mpishi aliyeleta jina hilo bado hajachoka. Ukienda kabla ya hapo, nenda kwa kujua kwamba unakwenda kuona mwanzo wa kitu. Hiyo ni furaha halali kabisa, na wapo marafiki wanaoipenda kuliko chakula chenyewe.

Usiku wa watu wengi na jioni ya mapema

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu watu wengi huchagua mgahawa kwa macho na kuusahau kwa masikio.

Mazungumzo ya kawaida kati ya watu wawili huwa na kiasi cha desibeli 60, kipimo cha ukubwa wa sauti. Ukumbi wa mgahawa unaovuma, usiku wa mwisho wa wiki, hupita 80 bila shida. Sababu zipo wazi ukiangalia jengo: sakafu ngumu, kuta za zege au vioo, dari iliyo wazi, meza zisizo na vitambaa, jiko lililoachwa wazi ili wateja waone. Vyote vinapendeza kwenye picha, na vyote vinarudisha sauti badala ya kuinywa. Kisha binadamu wenyewe wanaongeza. Mwaka 1911 daktari wa Kifaransa Étienne Lombard alieleza jambo ambalo sasa linaitwa kwa jina lake: mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti bila kujua. Meza hii ikipaza, meza ya pili inapaza ili isikike, ya tatu inafuata, na baada ya saa moja ukumbi mzima unapiga kelele na hakuna aliyeamua kufanya hivyo.

Kelele haiishii masikioni. Utafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Manchester kwa kushirikiana na kampuni ya Unilever uliwapa watu vitu vya kutafuna huku wakisikilizishwa kelele kwenye vipokea sauti, na kelele ilipokuwa kubwa walihisi utamu na chumvi kidogo kuliko kulipokuwa kimya. Kwa hiyo ukienda saa ya msongamano, unalipia ladha ambayo ulimi wako haupati yote. Mara yetu ya kwanza tulisema chakula "kimepooza". Mara ya pili kitu hicho hicho kilikuwa na ladha, na sidhani kwamba ni mpishi peke yake aliyekibadilisha.

Mara ya pili tulikwenda katikati ya wiki, saa kumi na mbili jioni. Zilikuwa zimejaa meza nne tu. Mhudumu alikuwa yule yule kijana wa sahani mbili. Safari hii alikuja moja kwa moja mezani petu, akaweka sahani bila kuuliza ya nani. Rafiki yangu alizungumza kwa sauti yake ya kawaida, ile ya chini kidogo, na nikasikia hata pale aliponyamaza katikati ya sentensi kabla ya kuendelea. Mnapokuwa wawili, ukimya wa mwenzio nao ni maneno.

Ikibidi mwende usiku wa watu wengi, kuna mambo mawili madogo ya kufanya. Ombeni meza ya ukutani au ya pembeni, mbali na jiko na kaunta. Na mkae mkikaribiana kwenye kona ya meza, si kutazamana kutoka ncha moja hadi nyingine. Sauti mahali pa wazi hupungua kiasi cha desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu, hivyo kusogeza kiti nusu mita kuna faida kuliko kupiga kelele. Meza ndogo finyu ambayo kila mtu huilalamikia ndiyo meza bora kwa watu wawili wenye mambo ya kuzungumza.

Kuweka nafasi mapema au kupanga foleni? Weka nafasi. Foleni ina raha yake mkiwa na nguvu na hali ya hewa ikiwa nzuri, lakini mtu mwenye njaa huagiza vibaya na hukasirika upesi.

Sahani za kugawana au kila mtu yake

Mkishakaa, kuna njia mbili. Ya kwanza, kila mmoja anaagiza chake na anakula chake. Ya pili, mnaagiza vitu vitatu vinne na kuviweka katikati.

Kwa mgahawa mpya mimi nipo upande wa kugawana. Mnajaribu vitu vingi zaidi kwa safari moja, na kosa moja la kuagiza halimharibii mtu jioni nzima. Ipo na faida nyingine isiyoonekana. Kaitlin Woolley na Ayelet Fishbach walichapisha utafiti mwaka 2019 wakiwakalisha watu wawili wawili kwenye zoezi la kujadiliana mkataba kati ya mwajiri na wafanyakazi. Waliokula kutoka bakuli moja walifikia makubaliano baada ya siku 9 za mgomo wa kuigiza, na waliokula kila mtu na bakuli lake walifika 13. Kupeleka mkono kwenye chombo kimoja kunamlazimu mtu kumtazama mwenzake: amepata? amebakisha? nimwachie hiki cha mwisho?

Kula chako peke yako kuna haki yake pia, hasa rafiki akiwa na vitu asivyokula kwa sababu ya afya au imani, au kama mmoja anakula haraka na mwingine polepole. Nimeshaona sahani ya katikati ikiisha kabla mtu wa pili hajamaliza kueleza habari za kazini kwake. Aliyekuwa akiongea ndiye aliyelala njaa.

Njia yoyote mtakayochagua, epukeni mtego mmoja. Dan Ariely na Jonathan Levav walionyesha mwaka 2000 kwamba watu wanaoagiza kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, hukwepa kuagiza kile ambacho mwenzao ameshakitaja. Walipojaribu kwa kuonjesha bia huko Marekani, waliofuata nyuma waliridhika kidogo kuliko walioandika chaguo lao kwa siri. Aliyetangulia kuagiza hakupata hasara hiyo. Kumbe lile "ah, umeshachukua hicho? basi mimi nichukue kingine" lina gharama. Sisi siku hizi kila mmoja anaamua kimoyomoyo kabla ya kufungua mdomo. Tukigongana, tunagongana.

Na kuna utafiti wa Erica Boothby na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, wa mwaka 2014, ambao ningependa kila anayemwalika rafiki mgahawani aujue. Watu waliokula chokoleti tamu sambamba na mtu mwingine waliiona tamu zaidi kuliko walipoila huku mwenzao akifanya jambo lingine. Walipopewa iliyo chungu, kwa pamoja waliiona mbaya zaidi. Rafiki hapunguzi ubaya wa chakula kibaya; anaukuza, kama anavyoukuza uzuri. Ukichanganya hilo na wiki ya pili ya jiko lisilotulia, utaona kwa nini ninang'ang'ania kungoja.

Simu, kwa kifupi: piga picha moja chakula kikifika kama unataka kumbukumbu, kisha iweke mfukoni, si mezani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia waliwafuatilia watu zaidi ya 300 wakila na ndugu au marafiki, wakachapisha matokeo yao mwaka 2018: waliokuwa na simu mezani walifurahia mlo huo kidogo kuliko walioziweka mbali. Mgahawa unaovuma una mvuto mkubwa wa picha, kwa hiyo lisemeni kabla hamjakaa.

Bili: nusu kwa nusu, kila mtu chake, au kwa zamu

Bili imeshavunja urafiki mwingi kimyakimya. Migahawa mipya inayosifiwa mara nyingi huwa ghali kuliko mlipozoea, na marafiki wawili hawana mfuko mmoja hata kama walikaa dawati moja.

Kugawana nusu kwa nusu ni haraka, hakuna anayehesabu, na mkiwa mmekula sahani za katikati ndiyo njia ya haki. Ubaya wake uko kwenye namna inavyobadilisha kuagiza. Uri Gneezy, Ernan Haruvy na Hadas Yafe walichapisha jaribio mwaka 2004: wageni wa mgahawa walikaa sita sita, baadhi wakiambiwa kila mtu atalipa chake, wengine wakiambiwa bili itagawanywa sawa. Waliogawana waliagiza vya thamani kubwa zaidi kwa asilimia 36 hivi. Hao walikuwa watu wasiojuana. Kati ya marafiki wawili uchoyo wa namna hiyo ni nadra, lakini kuna kinyume chake kinachouma zaidi: mwenye uwezo mdogo anaagiza kitu kidogo, hanywi chochote, anasema hana njaa sana, kisha analipia nusu ya mlo wa mwenzake kwa sababu anaona haya kusema.

Kila mtu kulipa chake kunamlinda huyo. Kwa vijana wengi ni jambo la kawaida sasa, na programu za simu zimerahisisha kutumiana kiasi kilichobaki. Huwa kunapoza jioni pale tu hesabu inapoanza kufanywa mezani kwa senti.

Kulipa kwa zamu, leo mimi na safari ijayo wewe, ndiyo ninayoipenda kwa rafiki wa siku nyingi, maana inabeba ahadi kwamba safari nyingine ipo. Masharti yake ni mawili: mwende sehemu za bei zinazokaribiana, na uwezo wenu uwe unakaribiana. Kama haukaribiani, anayealika alipe, na aseme hivyo wakati wa kualika, kabla mwenzake hajaanza kusoma menyu kutoka upande wa bei.

Rafiki yupi, siku ipi

Rafiki mpenda chakula, anayefurahi hata sahani ikikosewa kwa sababu anapata cha kujadili: mpeleke wiki ya kwanza, usiku, katikati ya vurugu. Mtaona kitu kinazaliwa na atakushukuru.

Rafiki mnayejuana juujuu, wa kazini au jirani mpya, naye anafaa siku za mwanzo. Ukumbi wenyewe unawapa mazungumzo: taa, foleni, mhudumu aliyepotea. Kelele inaficha pale maneno yanapoisha.

Rafiki asherehekeaye jambo, kapita mtihani au kapata kazi: ngoja mwezi wa pili, weka nafasi, lipa wewe.

Rafiki ambaye hujamwona muda mrefu, au aliyekwambia "nina jambo," usimpeleke kwenye mgahawa unaovuma. Si wiki hii, wala si mwezi wa tatu. Mpeleke mahali mnapopajua, penye kiti mnachokijua. Mimi nilikosea hapo, kwa nia njema, kwa kudhani mahali papya pangempa heshima.

Mlo wetu wa pili pale ulikuwa wa kumuaga. Aliondoka siku tatu baadaye. Juzi ameniandikia kwamba anakuja kututembelea mwezi ujao, na kwamba amesikia kuna mgahawa umefunguliwa wiki hii ambao kila mtu anausema. Nimehesabu: siku atakayofika, utakuwa na wiki tano na ushee. Nimeomba meza ya pembeni, ndogo, saa kumi na mbili jioni, siku yake ya tatu hapa. Siku mbili za kwanza tutakaa kwangu, tuongee kwanza.